Wenzangu walipika namba wakapata, mimi niliandika nilichokiona nikakosa

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa kidato cha nne, nasoma shule ya kutwa hapa Moshi na nyumbani ni Pasua. Mtihani wa taifa ni Novemba. Naomba unijibu mapema, maana kuna jambo nataka kuamua na sina wa kumuuliza.

Kwenye moko, yaani mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, tulipewa jaribio la nuru, lile la bloku ya kioo na pini nne. Shuleni kwetu bloku ni chache, kwa hiyo tangu kidato cha tatu tunafanya kwa makundi makubwa. Wawili wanashika pini, mmoja anaandika, sisi wengine tunanakili. Siku ya moko ndiyo nilichomeka pini kwa mkono wangu kwa mara ya kwanza. Nilipima pembe, nikatafuta sini zake, nikachora grafu. Swali lilitaka grafu ya sini i dhidi ya sini r (i ni pembe ya mwale unaoingia kwenye kioo, r ni ya mwale uliopinda ndani yake), halafu tutumie mwinamo wake kutaja namba ya mpindo wa kioo. Mimi nikapata 0.66. Nilirudia hesabu, ikaja ileile, nikaiandika.

Wenzangu wawili hawakuhangaika na pini. Walijua jibu ni 1.5, wakaanzia mwisho kurudi mwanzo: wakatunga sini, kutoka kwenye sini wakatunga pembe. Nukta zao zote zimekaa juu ya mstari. Wamepata karibu alama zote. Kwangu mwalimu ameandika kwa wino mwekundu "haiwezekani". Nilipouliza kwa nini haiwezekani wakati ndicho nilichokipima, darasa zima lilicheka, na mwalimu akasema muda hautoshi, nikajisomee. Sasa najiuliza, Novemba na mimi nipike?

La pili ni mjomba wangu. Yeye ni fundi sola, anafunga paneli huku Moshi mpaka vijiji vya Hai. Alinikuta nakariri daftari, sehemu inayosema jua likizidi ukali paneli hutoa umeme mwingi zaidi. Akacheka, akasema hayo ni maneno ya watu wasiopanda mapaa. Yeye ameona kwa mita kwamba joto linaua paneli, na kwamba siku ya baridi ya Julai jua likitokeza ndipo paneli inapiga kazi. Niandike la mjomba au la daftari? Hiyo mada ya nishati jadidifu tuliimaliza harakaharaka na yote naikariri tu: jua, upepo, maji, jotoardhi, bayogesi. Hata sijui mkaa nao unaingia au hauingii.

Mama ananiambia fizikia niipe mgongo, nishike masomo ninayoyaweza. Anauza nguo Mbuyuni, ananilipia mchango wa masomo ya jioni kwa shida, na sitaki kumwangusha. Nifanyeje mtu ambaye sina maabara nyumbani?

Ni mimi, Pini Nne, Moshi.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kabla hatujafika kwenye kupika, chukua kikokotoo ugawe 1 kwa 0.66. Umepata 1.515, sivyo? Vipimo vyako vilikuwa vizuri, tena vizuri sana kwa mtu aliyeshika pini kwa mara ya kwanza mbele ya msimamizi. Ulichogeuza ni mihimili ya grafu. Swali likisema "hiki dhidi ya kile", cha kwanza kutajwa kinasimama kwenye mhimili wa wima na cha pili kinalala chini. Wewe uliilaza sini i, nadhani kwa sababu pembe i ndiyo unayoianza kupima, ukaisimamisha sini r. Mwinamo wako ukawa sini r kugawa kwa sini i, yaani jibu lililopinduliwa. Alama za mihimili umezipoteza kihalali na hapo usinung'unike.

Mwalimu naye ana haki kuandika "haiwezekani", ila angekuwa na dakika mbili angekwambia kwa nini. Namba ya mpindo inaeleza nuru inapunguziwa kasi mara ngapi ikiingia kwenye kitu. Kwenye ombwe nuru hukimbia mita milioni 300 kwa sekunde. Kwenye kioo cha 1.5 hushuka hadi milioni 200. Kwenye kioo chako cha 0.66 ingebidi ikimbie milioni 455, yaani ndani ya kioo iende kasi kuliko mahali pasipo na kitu chochote. Na ingekuwa hivyo, mwale ukiingia kwenye bloku ungepinda kwenda mbali na ule mstari wa wima uliouchora juu ya uso wa kioo. Jedwali lako linasema kinyume: r zako zote ni ndogo kuliko i. Kwa hiyo karatasi yako ilikuwa na ushahidi wa kutosha wa kukurudisha njiani kabla hujaikabidhi. Kila ukipata jibu, liulize kama linapatana na jedwali lililo juu yake. Hilo halihitaji maabara.

Sasa wapishi. Tuache dini na maadili kando kidogo, tuangalie biashara yenyewe. Protrakta ya shule inasoma digrii nzima, na ukiwa na macho makali, nusu digrii. Mtu akiandika kwamba i ya 30 ilimpa r ya 19.5, ya 40 ikampa 25.4, ya 50 ikampa 30.7 na ya 60 ikampa 35.3, amejitaja mwenyewe kwa jina na namba ya mtihani. Hizo ni namba za kikokotoo, hakuna protrakta ya plastiki inayozisoma. Tena karatasi ya mchoro yenye matundu ya pini inakusanywa pamoja na majibu. Msahihishaji akiweka protrakta yake juu ya mistari yenu na pembe zikakataa, hapo hakuna utetezi. Moko ilisahihishwa na mtu mwenye karatasi za darasa zima na vipindi vya kesho. Usiichukulie kuwa ndivyo itakavyokuwa Novemba.

Zaidi ya hapo, anayepika hana pa kurudi akikosea. Wewe uliandika ulichokiona, na mimi nikiwa mbali, sijakiona hata kioo chenyewe, nimeweza kujua ulipoteleza kutokana na namba moja tu. Wenzako wangebadilishiwa bloku ya kioo wakapewa ya plastiki ya aina nyingine, wangeendelea kuandika 1.5 huku pini zikisema vingine.

Umesema darasa lilicheka. Huko juu yenu, Mweka, kwenye chuo cha wanyamapori, alisoma kijana mmoja aitwaye Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba kule Lushoto, aliona maziwa ya kutengenezea aiskrimu aliyoyaweka yakiwa moto yakiganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliuliza tena alipokuwa Mkwawa, Iringa, wakamtania kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, akauliza tena, na Osborne akaenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Nakuambia pia upande wa pili ambao wanaosimulia kisa hiki huwa wanauruka: wanasayansi wanaendelea kubishana kama jambo lenyewe hutokea kila mara, na kwa sababu gani. Kuandika ulichokiona hakukufanyi uwe sahihi. Kunawapa wengine kitu cha kukagua, na ndiyo maana jaribio lina alama nyingi kwenye jedwali na grafu kuliko kwenye jibu la mwisho.

Tuje kwenye pini zenyewe, maana mtu aliyekuwa ananakili hakufundishwa haya. Chora mpaka wa bloku kwa penseli iliyochongwa vizuri na baada ya hapo usiisogeze hata ukichomeka pini ya mwisho. Ikisogea, anza upya na karatasi mpya, usijaribu kuirudisha kwa kukisia. Pini mbili za kwanza zipeane nafasi ya sentimita tano au sita. Zikikaribiana, kosa dogo la kuchomeka linageuka kuwa kosa kubwa la pembe. Zisimame wima. Unapochungulia upande wa pili ili kupanga pini ya tatu na ya nne, inama hadi jicho liwe usawa wa ubao na utazame miguu ya pini, usitazame vichwa, kwa sababu pini ikiinama kidogo kichwa kinakudanganya. Kisha pima pembe kutoka kwenye mstari wa wima. Wengi hupima kutoka kwenye uso wa kioo, na kosa hilo lina alama yake: grafu haielekei sifurini, inajikunja. Ukiona mstari wako umekataa kupita karibu na sifuri, kabla ya kulaumu bloku angalia ulipoiweka protrakta.

Usianze na pembe ndogo sana. Kwenye i ya digrii 10, kosa la digrii moja kwenye r ni kubwa mno ukililinganisha na r yenyewe. Kati ya 20 na 70 panatosha. Na grafu iwe na kichwa, mihimili yenye majina, skeli iliyoandikwa, nukta zinazoonekana, mstari mmoja unaopita katikati ya nukta bila kuzilazimisha zote, na pembetatu kubwa ya kutafutia mwinamo. Sini haina kipimo, kwa hiyo usitafute cha kuandika pale.

Umesema huna maabara nyumbani. Una ndoo. Jaza maji hadi sentimita 24, tia sarafu chini, tazama kutoka juu moja kwa moja. Nje ya ndoo, mwenzako ashushe kidole sambamba na ukuta wake mpaka wewe uone kidole na sarafu viko kina kimoja. Mtapata karibu na sentimita 18. Gawa 24 kwa 18, umepata 1.33, ndiyo namba ya mpindo ya maji. Usipoipata mara ya kwanza, ni shingo yako haijatulia.

Bibi yako au jirani ana miwani ya kusomea, ile inayouzwa barabarani. Kama imeandikwa +2.50, simama mbali na dirisha, upande wa ukutani, usogeze miwani mbele na nyuma hadi dirisha litokee ukutani limepinduka, juu chini. Pima kutoka kwenye lenzi hadi ukutani. Utapata karibu sentimita 40, kwa sababu 1 kugawa kwa 2.5 ni mita 0.4, ile namba ya kwenye miwani ndiyo nguvu ya lenzi. Ukipata zaidi kidogo ujue dirisha halikuwa mbali vya kutosha, tumia mti wa nje. Hiyo ni lenzi mbinuko. Usilitazame jua kupitia lenzi hiyo hata kwa utani, na usiiache dirishani juu ya nguo za mama.

Kipande cha kioo cha kujitazamia, ukikizungushia gundi ya karatasi kingoni kisikukate, kinakupa majaribio mengine: taswira iko nyuma ya kioo umbali uleule ulio mbele, ukizungusha kioo digrii 10, mwale unaoakisiwa unazunguka 20, vioo viwili vilivyoachana digrii 60 vinakupa taswira tano. Kiweke kioo hicho kimelala mshazari ndani ya beseni la maji, juani, utapata rangi za upinde wa mvua kwenye dari. Haya yafanye jioni moja, yasikumalizie wiki.

Mjomba wako na daftari lako, sasa. Nimefurahi kupata swali hili kuliko yote, kwa sababu hapa nuru na nishati zinakutana na nyinyi mnazisoma kama mada mbili zisizojuana.

Paneli hailishwi joto, inalishwa nuru. Chembe za nuru zinagonga silikoni na kuzisukuma elektroni; nuru ikiongezeka, mkondo unaongezeka. Hapo daftari liko sawa. Lakini silikoni ikipata moto, volti yake inashuka, na kwa paneli za kawaida nguvu inayotoka hupungua karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto inayozidi 25. Zile wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa kiwandani seli zikiwa na nyuzi 25 na nuru ikiwa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Februari ya Moshi, bati likichemka, seli zinafika nyuzi 60 bila shida. Hizo ni digrii 35 za ziada, mara 0.4, asilimia 14. Paneli ya wati 100 inakupa 86 chini ya jua lilelile. Siku ya baridi ya Julai, mawingu yakifunguka, seli hazijapata moto na mita ya mjomba inapanda karibu na 100. Ameona kweli.

Ila mjomba alisoma wati, na betri inajazwa kwa wati mara saa. Tuseme Julai jua lilijitokeza kwa muda wa saa mbili tu, paneli ikatoa wati 95: hizo ni wati-saa 190. Februari ilitoa 86 kwa saa tano: 430. Mtu aliyeandika daftari alikuwa anafikiria siku nzima, mjomba alikuwa anafikiria dakika aliyoweka mita. Nguvu ni kasi ya kutoa nishati. Nishati ni jumla yake kwa muda. Watahini wanapenda sana kukutega hapo, na wewe umepewa mfano na fundi mwenyewe, bure. Kwenye mtihani andika vyote viwili: nuru ikiongezeka umeme unaongezeka, joto la seli likiongezeka umeme unapungua.

Endelea na paneli hiyohiyo. Ya wati 100 ina eneo la karibu mita ya mraba 0.6. Jua likiwa kamili inapokea wati 600 na kutoa 100, yaani ufanisi wa asilimia 17 hivi. Hizo 500 zimekwenda wapi? Sehemu ndogo iliakisiwa na kioo cha juu. Kioo kitupu chenye namba ya mpindo ya 1.5 huakisi karibu asilimia 4 ya nuru inayokigonga moja kwa moja, na ndiyo maana watengenezaji hukipaka utando wa kupunguza mng'ao. Zilizobaki karibu zote zimegeuka joto ndani ya paneli, lile lile joto mjomba analolilalamikia. Mwulize kwa nini anaacha nafasi kati ya paneli na bati. Atakujibu "ipumue". Wewe andika: hewa inayopita chini inaondoa joto kwa myuko, volti isishuke. Ni jibu moja.

Pembe nayo ni ileile ya kwenye bloku, inapimwa kutoka kwenye mstari wa wima juu ya uso. Moshi iko digrii tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Juni, jua la mchana linainamia kaskazini, upande wa mlimani, digrii 27 hivi kutoka utosini. Desemba linainamia kusini digrii 20. Juni, paneli iliyolala bapa inapokea kosini ya 27, yaani asilimia 89. Fundi akiiinamisha digrii 15 kuelekea kusini, Juni pembe inakuwa 42 na paneli inabaki na asilimia 74. Akiiinamisha 15 kuelekea mlimani, pembe ni 12 na inapata asilimia 98, ingawa Desemba atalipa kidogo. Kwa kuwa Juni na Julai ndiyo miezi ya mawingu kwetu, mimi ningeinamisha kaskazini, digrii kumi hivi, na mvua ioshe vumbi. Mjomba anaweza kuwa na sababu nyingine, paa zenyewe zinaelekea zinakotaka.

Unaweza kuliona hili bila paneli. Simika kijiti wima uani. Tarehe za mwanzo kabisa za Oktoba jua linapita utosini mwa Moshi, na mnamo saa sita na dakika ishirini mchana kivuli cha kijiti kinakaribia kuisha chini ya miguu yake. Litapita tena hapo katikati ya Machi. Nenda utazame, upime kivuli na baada ya wiki mbili upime tena. Urefu wa kivuli kugawa kwa urefu wa kijiti ni tanjenti ya pembe.

Kuhusu orodha unayoikariri, iache. Kwa kila chanzo jiulize nishati ilitoka wapi kabla haijafika hapo. Nenda Nyumba ya Mungu, si mbali na kwenu. Jua liliyageuza maji kuwa mvuke, mvua ikanyesha Meru na Kilimanjaro, Kikuletwa na Ruvu zikayashusha hadi bwawani. Yanapoanguka kwenye mtambo nishati ya kimo inageuka ya mwendo, kisha ya umeme, megawati 8. Maji yaleyale yanaendelea na mto Pangani hadi Hale, megawati 21, kisha Pangani Mpya, megawati 68. Watu huuliza yanawezaje kutumika mara tatu. Hayatumiki yenyewe, kinachotumika ni kimo, na kila kituo kina kimo chake. Jifanyie hesabu: kilo 500 za maji kwa sekunde zikianguka mita 20, zidisha kwa 10, unapata wati 100,000. Ukitaka kuona ukubwa, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115.

Upepo nao ni jua, maana hewa husogea kwa sababu ardhi inapashwa joto bila usawa. Bayogesi ni jua lililopitia kwenye majani na ng'ombe. Huko Kibosho na Machame ng'ombe wanafungwa ndani, kinyesi kinachanganywa na maji kiasi sawa, bakteria wasiohitaji oksijeni wanatoa methani. CAMARTEC, kituo cha teknolojia ya kilimo na vijijini kilichoko Arusha, imekuwa ikijenga mitambo hiyo majumbani kwa miaka mingi. Visivyotoka kwenye jua ni viwili: jotoardhi, kama ya Olkaria huko Kenya, ambayo ni joto la ndani ya dunia, na maji kujaa na kupwa, ambayo zaidi ni kazi ya mwezi. Ukiuliza kila chanzo swali hilo, orodha inajipanga yenyewe.

Mkaa? Mti unakua tena, kwa hiyo kwenye kitabu kuni na mkaa ni nishati jadidifu, lakini kwa sharti: miti iote kwa kasi ile inayokatwa. Ukikata mti wa miaka thelathini leo na kupanda mche, umekopa miaka thelathini. Andika sharti hilo, usiandike "ndiyo" au "hapana" pekee. Na usichanganye jadidifu na safi. Moshi wa kuni unawaumiza mapafu mama zetu hata kama shamba la miti liko palepale.

Mtihani ni wa Kiingereza. Mambo haya yaeleze kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa mdogo wako au kwa mjomba, ukishaeleweka ndipo uandike kwa Kiingereza kifupi. Sentensi fupi hazikatwi alama.

Mama yako mpe salamu zangu. Haogopi fizikia, anaogopa divisheni, na hapo mtulize kwa ukweli: divisheni inahesabiwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo kama umesajili zaidi ya saba, fizikia ikienda vibaya haitakuburuta peke yake. Usajili umeshapita, mtihani utaufanya hata hivyo. Lakini mwambie na hili: Chuo cha Ufundi Arusha kinachukua waliomaliza kidato cha nne wenye fizikia, na kule Kikuletwa, wilayani Hai, penye mtambo wa zamani wa umeme wa maji, kina kampasi ya kufundishia nishati jadidifu. Mtu mwenye mjomba fundi sola na mkono uliotoa 1.515 siku ya kwanza asiifunge njia hiyo akiwa na miaka kumi na saba. Hata hivyo mama asikose usingizi: jioni mbili kwa wiki za fizikia zinakutosha, nyingine upe masomo yanayokubeba.

Jumamosi moja umwombe mjomba akupeleke kazini. Beba daftari, protrakta na kipimajoto kama shule itakuazima. Muda wa saa nzima, kila dakika kumi, andika volti, mkondo na joto la mgongo wa paneli, pamoja na hali ya mawingu. Chora grafu ya volti dhidi ya joto, na safari hii volti isimame wima. Nukta zikikataa kukaa kwenye mstari usizifute. Nitumie jedwali lote kama lilivyo, pamoja na muda, tuliangalie.